Chupa ya Mwisho ya Fundi

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa mzee yule ni shavu lake. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa kidogo, kama la mtu mwenye jino bovu, na wageni wengi pale mahakamani walimpa pole kabla hawajajua kazi yake. Aliitikia pole hizo kwa kutikisa kichwa tu. Kisha mlango wa chumba cha hakimu ulifunguliwa, karani akachungulia na kumnong'oneza jina, na mzee akakihamisha kilichokuwa shavuni kutoka kushoto kwenda kulia, akavuta pumzi, akaita. Hapo ndipo wageni waliposhtuka. Sauti ilipita juu ya mabenchi ya ukumbini, ikashuka ngazi, ikavuka ua, ikawafikia hata wauza chai waliokaa nje ya geti. Ndiyo maana aliitwa Tarumbeta.

Ndani ya shavu mlikuwa na kipande cha mzizi. Kila siku ya kazi alitoka nyumbani na vipande vichache ndani ya kikopo cha bati, na kila kimoja kilikuwa kimelala kwenye asali miezi kadhaa, kikanywa utamu mpaka kikawa laini kama ukanda wa ngozi. Hakukitafuna. Alikiacha kikae, kimchuruzikie kooni taratibu, na kwa njia hiyo alikuwa ameita majina ya watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe. Washtakiwa, mashahidi, wanandoa waliochokana, ndugu waliogombea kiwanja cha marehemu, wote aliwaita, na sauti haikumtupa hata siku moja.

Aliyeitengeneza mizizi ile ni mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mumewe alimwita hivyo, tangu enzi zile alipompelekea suruali ipunguzwe kiuno, akarudi siku ya pili kuomba iongezwe, akarudi ya tatu bila suruali.

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Alichukua tangawizi, akachukua manjano, na akachukua mzizi wa tatu, wa kahawia na mchungu, ambao yeye na dada yake waliuchimba kule walikozaliwa kila alipokwenda kumtembelea. Aliisugua mizizi kwa brashi, akaimenya kwa ncha ya kijiko, akaikata vipande vyembamba vya kupitisha mwanga. Halafu akaianika kwenye sinia kubwa, juu yake amefunika kipande cha pazia kuzuia nzi, mpaka kipande kikikunjwa kinakunjika lakini hakitoi hata tone. Hapo tu ndipo asali ilipomiminwa. Chupa zilikuwa zimechemshwa, zikakaushwa juani, zikakaguliwa kama sare za wanafunzi.

Kwa kuwa mizizi huelea, na ile inayobaki juu huweza kushika ukungu, kila asubuhi chupa zilipinduliwa. Iliyosimama kwa kitako ililazwa kifudifudi, na ya kifudifudi ikasimamishwa. Hiyo ilikuwa kazi ya Tarumbeta, na ni kazi pekee aliyoruhusiwa.

"Nikusaidie kukata basi," alisema wakati mwingine, akijisogeza na kisu.

"Wewe mikono yako ina haraka," Fundi alimjibu bila kuinua macho. "Wewe pindua. Ukimaliza kupindua, toka jikoni."

Fundi alifariki akiwa ameketi kwenye cherehani yake, iliyokaa jikoni chini ya rafu ya chupa. Binti yao, aliyekuwa akiishi nao na kufanya kazi kwenye duka la vitabu, alirudi mchana akakuta mama yake ameinamia mkono wa gauni ambao haujaisha kushonwa, mguu bado uko juu ya kanyagio. Daktari alisema ni presha. Tarumbeta aliitwa kutoka mahakamani, na watu waliokuwa pale ukumbini wanasema siku hiyo alipoambiwa habari zile, kipande kilimdondoka mdomoni kikaanguka sakafuni, naye akakiokota, akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni, kisha ndipo akaanza kulia.

Msibani walikuja wengi. Wa mwisho kuondoka alikuwa dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, ambaye binti alimwita Mama Mkubwa na Tarumbeta alimwita Shemeji. Asubuhi ya safari yake alisimama mbele ya rafu ya jikoni. Chupa zilizobaki zilikuwa tatu.

"Shemeji," alisema, "nakuomba hii moja niende nayo."

Tarumbeta alizitazama zile chupa, kisha akamtazama yeye. "Hiyo ni dawa yangu ya koo, Shemeji. Ndiyo ninayofanyia kazi. Na hakuna atakayenitengenezea nyingine."

Shemeji hakubishana. Alifunga begi lake, akambusu binti wa dada yake kwenye paji la uso, akaondoka. Tangu hapo hakupiga simu wala hakupigiwa.

Chupa ya kwanza Tarumbeta aliimaliza bila kufikiri, na ya pili vilevile, kama mtu anywaye maji. Alikuwa katika wingu la msiba, hana hili wala lile. Ila asubuhi moja alipoinua mkono kuipindua chupa ya tatu, aliona mstari wa asali umeshuka chini ya mabega ya chupa. Kila kipande mle kilikuwa kimepita kwenye vidole vya Fundi. Alivikata yeye, alivipangusa yeye, na hakuna vingine duniani. Chupa ikiisha, hakutakuwa tena na kitu chochote ambacho mkewe alimtengenezea na bado kinamngoja.

Akaanza kubana. Vipande vya siku nzima vikawa kipande kimoja. Baadaye kipande kimoja akakigawa kwa wembe. Mwishowe akawa anachovya ncha ya kijiko tu, analamba, anafunika. Na kila alivyozidi kuibana chupa, ndivyo koo lake lilivyozidi kukauka.

Mlinzi wa geti la mahakama, kijana mnene aliyeitwa Komeo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Mzee, mbona shavu limesinyaa? Umeng'oa?"

"Niko kwenye mfungo wa mizizi."

"Mfungo gani! Sema una mkono wa birika. Mimi mwenyewe uliniahidi kipande tangu mwaka jana."

"Koo lako lina kazi gani? Geti unalifungua kwa mkono."

"Na ile 'simama hapo hapo' anasema nani? Mkono?"

Walicheka, lakini kicheko cha mzee kilikatikia njiani kikageuka kikohozi, na Komeo akaacha utani. "Mzee wangu," alisema kwa upole, "kula mizizi yako. Mama hatakasirika."

Tarumbeta alimpa mgongo akapanda ngazi.

Katika mahakama ile, asiyeitikia baada ya jina lake kuitwa mara tatu huhesabiwa hakuja, na shauri lake hufutwa. Ndiyo sababu mwitaji alikuwa mtu wa maana kuliko mshahara wake. Wiki ile ile Tarumbeta aliita jina la bibi mmoja aliyefungua shauri la nyumba. Aliita mara ya kwanza, sauti ikachanika katikati kama kitambaa chakavu. Aliita ya pili, ikatoka hewa. Ya tatu aliisikia karani peke yake. Bibi alikuwa ameketi benchi la mwisho kabisa, kando ya ngazi, mkoba mapajani, ametega sikio kwa bidii zake zote.

Saa sita mchana, mabenchi yakiwa yamebaki matupu, bibi yule alimjia polepole.

"Mwanangu, na mimi wataniita lini?"

Tarumbeta aliinuka. Alimshika bibi mkono, akamketisha, akaingia kwa karani akimsihi kwa ishara zaidi ya maneno. Hakimu alikubali kulirudisha shauri na kulisikiliza jioni ile ile, maana alimheshimu mzee. Ila alipomaliza alimwita mezani.

"Mzee, pumzika kama unaumwa. Au nitaagiza kipaza sauti. Siwezi kufuta mashauri ya watu kwa sababu ya koo."

"Haitatokea tena, Mheshimiwa," Tarumbeta alinong'ona.

Njia nzima kurudi nyumbani aliwaza. Akila vipande, chupa itaisha. Asipokula, bibi mwingine atakaa pale benchini na haki yake itampita. Na hapo, akiwa anapita mbele ya genge la mboga, aliona tangawizi zimepangwa mafungu, nono, mbichi, na wazo likamjia ambalo kwake lilionekana kama limeshushwa kutoka mbinguni. Alikuwa amemwona mkewe miaka yote akitia maziwa mapya juu ya mtindi wa jana, na maziwa mapya yakaganda kwa kufuata ya zamani. Basi na tangawizi hii itafuata. Italala pamoja na vipande vya Fundi, ndani ya asali ya Fundi, na itakuwa kama yeye ndiye aliyeitia. Akila kimoja, atatia kimoja, na chupa ile haitaisha mpaka na yeye aende zake.

Alifanya kazi hiyo alfajiri, kabla binti hajaamka. Aliosha, akamenya, akakata. Vipande vilitoka vinene, vingine kama kizibo, kwa sababu mikono ilikuwa na haraka kweli. Hakuvianika. Alikuwa ameuona uanikaji maisha yake yote na siku zote aliuona kama jambo la usafi tu, la kukausha maji ya kuoshea. Alivitumbukiza vikiwa vinachuruzika maji, akakaza kifuniko mpaka vidole vikauma, akaipindua chupa, akasimama akiitazama kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba.

Siku zilizofuata alikwenda kazini shavu limejaa. Alikula vya zamani bila kubana, na sauti ikarudi, si yote, lakini ya kutosha kushuka ngazi. Nyumbani aliona mapovu madogo yakipanda ndani ya asali. Alimwonyesha binti yake.

"Unaona? Inapumua."

"Baba, umeweka nini humu?"

"Tangawizi kidogo tu. Inajifunza."

Binti alifungua mdomo kusema kitu, akaona uso wa baba yake ulivyochangamka, akanyamaza. Mpaka leo anajilaumu kwa kunyamaza kule.

Chupa ilifyatua kifuniko Jumapili asubuhi wakiwa wanakunywa chai. Ulisikika mlio mmoja, kifuniko kikagonga dari, na povu likafoka kutoka rafuni, likamwagikia cherehani iliyokuwa imesimama chini yake, likalowesha ule mkono wa gauni ambao tangu Fundi afariki hakuna aliyethubutu kuutoa chini ya sindano.

Binti alikimbilia kitambaa. Baba alikimbilia chupa. Aliikumbatia kifuani, asali ikimchuruzika shatini, akatia kidole, akaonja. Ilikuwa chachu, kali, yenye harufu ya kilabu cha pombe.

"Imechacha, Baba," binti alisema taratibu.

"Kuna vyake humu. Vyake viko chini. Lete sinia."

"Baba..."

"Nimesema lete sinia!"

Walimimina yote. Tarumbeta alipiga magoti sakafuni, akaanza kuchambua. Haikuwa vigumu kuvitambua, maana vyake vilikuwa vinene na vya mkewe vyembamba. Aliinua kimoja kimoja akakitazama dirishani. Kilichopitisha mwanga alikiweka kando. Vikawa rundo dogo tu la kujaa kiganja. Aliviosha kwa maji ya uvuguvugu, akavinusa, akaviosha tena. Harufu ilikuwa imeingia hadi ndani.

Alichukua kimoja akakitia shavuni.

"Tema, Baba. Utaumwa."

Alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka, kwa uchachu ule au kwa lingine, binti hakujua. Alikaa nacho pale sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa cherehani, mpaka chai ikapoa na mafuta ya maziwa yakatanda juu. Ndipo alipokitema kwenye leso, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Nimemmalizia mwenyewe. Kwa mikono yangu."

Binti aliketi karibu yake. "Si mama huyo, Baba. Ni asali."

"Kwako."

Wiki hiyo mahakamani walileta kipaza sauti. Tarumbeta alikishika mbali na mdomo kama anayeshika samaki asiyemwamini. "Tarumbeta siku hizi limekuwa filimbi," Komeo alimtania, lakini kila jioni alimsindikiza hadi kituoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya zamani. Kilichomuumiza mzee zaidi ni asubuhi. Aliamka, akaingia jikoni, na mkono wake ukapanda wenyewe hadi rafuni, ukashika hewa. Binti alimwona hivyo akiwa mlangoni, akakata shauri.

"Leo tunampigia Mama Mkubwa," alisema. "Ndiye anayejua mzizi wa tatu. Mimi nataka kujifunza."

"Nitamwambia nini, mwanangu? Alinililia chupa moja nikamnyima. Nimwambie niliyomnyima nimeimwaga sakafuni?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

Simu iliita muda mrefu. Binti aliweka spika.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Shemeji."

"Wewe nani? Mbona unalia kama bawaba?"

"Mimi, mume wa Fundi."

Kisha Tarumbeta alijikaza kisabuni akaeleza yote, tangawizi mbichi, maji, kifuniko, cherehani, vipande vilivyojaa kiganja. Hakujitetea. Alipomaliza, binti alisogeza sikio kwenye simu kuona kama imekatika.

"Ile chupa niliitaka," sauti ya Shemeji ilisema hatimaye. "Si kwa kikohozi. Mimi sina kikohozi. Nilitaka niwe natazama tu alivyokata. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu, alikuwa mdogo wa kufika kiunoni pangu, na akanipita. Vyangu havijawahi kuwa vyembamba vile."

"Nisamehe, Shemeji."

"Nimelia sana kwa ajili ya chupa ile."

"Najua. Sasa najua."

Walisikia akipenga kamasi upande wa pili. "Na wewe ulitia tangawizi na maji yake," alisema. "Mtu mzima. Mbona hukutia na sabuni kabisa?"

Binti alicheka kabla hajajizuia, na baba yake akacheka kwa ile sauti iliyochanika, na kwa mbali Shemeji naye alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka hawakujua nani anabembeleza nani.

"Sikilizeni," Shemeji alisema alipotulia. "Ule mzizi hauchimbwi ardhi ikiwa kavu, unakatikia chini. Mvua ikishuka huku nitachimba, nitapanda gari nao mwenyewe. Msiguse kitu."

"Hata tangawizi nisinunue?"

"Hata tangawizi! Kaa mbali na kisu, Shemeji. Binti yangu atakata, mimi nitakuwa nyuma yake."

Tangu siku hiyo Tarumbeta hakuwa na swali lingine. Mvua imenyesha kule? Aliliuliza asubuhi, akaliuliza jioni, akamuuliza hata Komeo, ambaye hakuwa na ndugu yeyote upande ule. Vile vipande vya kujaa kiganja hakuvitupa. Binti alivianika kwenye sinia chini ya pazia mpaka vikakauka kabisa, vigumu, visivyoweza kuliwa tena, na mzee akavifunga katika kitambaa safi. Hivyo vilikuwa vya Shemeji. Ni vyembamba bado, na ukiviinua dirishani vinapitisha mwanga.

Kisha wiki iliyopita mvua ilinyesha huko, siku mbili mfululizo, na jana Shemeji alituma ujumbe: mizizi iko kwenye gunia, anatoka asubuhi.

Leo mzee hakwenda popote. Amenyolewa ndevu, amevaa shati ambalo Fundi alimshonea, kitambaa chenye vipande kiko mfuko wa kifuani. Binti amesugua sinia mpaka linang'aa, amechemsha chupa, amezikausha, amezikagua moja moja. Sasa hivi simu imelia. Shemeji amesema wamefika darajani, gari limesimama abiria wanunue maji, na kwamba gunia limemchafulia gauni lote.

Tarumbeta ameinuka kwenye kiti.

"Baba, kaa. Kutoka darajani mpaka hapa bado ni mwendo."

"Najua."

"Sasa unakwenda wapi?"

Amekwishafika getini, ameshika chuma kwa mikono miwili, na kila gari linalokata kona anaanza kujinyoosha, halafu linapita.